Mzigo wa Mwalimu Kemilembe

Taa ya lango iliwaka nyekundu, na Daktari Kokusima akajua kwamba Mwalimu Kemilembe amekataa tena.

Alikataa kwa upole mno, na upole huo ndio uliomvunja daktari nguvu. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kulia, mgongo wake haujagusa kiti, kanga ameitupia begani kwa mbali kama kitu cha kuazima. Mbele yake, kwenye kiti cha kushoto, alikaa mwanawe wa mwisho, Novatus, mkaanga kahawa wa soko kuu la Bukoba, mtu ambaye hata akioga mara mbili bado ananukia kazi yake. Kati yao juu ya meza palikuwa na Kipokezi, chombo chenye ukubwa wa redio za kizamani, kimetulia kama hakijafanya lolote.

Novatus alikuwa amesema kama alivyoelekezwa. "Mama, nikupokee."

Na mama yake alikuwa amemtazama, akatabasamu, akasema, "Acha tu, mwanangu. Bado naweza."

Basi, kwisha. Kipokezi kilisikia "acha", kikafunga lango, kikahesabu kataa la pili.

"Jamani, si ungengoja kidogo?" Novatus alikiuliza chombo, kana kwamba ni karani wa ofisini.

Mwalimu alisimama taratibu, mkono mmoja ukiwa hewani kando ya ubavu wake wa kushoto, ukiulinda bila kuugusa. "Poleni," alisema. "Nimewasumbua bure." Aliwapa pole watu wazima wenye afya zao, akatoka kwa hatua za mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni. Kokusima alimsindikiza kwa macho hadi mlangoni. Alikuwa amewahudumia wagonjwa wengi, lakini mwenye adabu kiasi hicho katikati ya mateso kiasi hicho alikuwa hajamwona.

Ugonjwa wenyewe ulikwisha zamani. Mkanda wa jeshi ulimpata Mwalimu mwaka aliostaafu, ukamchora malengelenge kutoka uti wa mgongo hadi chini ya titi. Malengelenge yalikauka, ngozi ikapona, majirani wakaja kumpongeza. Moto ukabaki. Mshipa wa fahamu uliounguzwa uliendelea kupiga kelele za jeraha wakati jeraha halipo, na nguo ikigusa pale, hata upepo wa feni ukipita pale, Mwalimu hukatika pumzi. Wanafunzi wake wa zamani, ambao ni nusu ya mji, wakikutana naye barabarani hutaka kumkumbatia. Yeye huwanyooshea mkono mrefu, anacheka nao kwa mbali. Wengi wanadhani uzee umemfanya awe na madaha.

Ganzi ilijaribiwa. Mshipa ulilala, ukaamka na hasira zaidi.

Kwa watu wa namna hii ndipo Kokusima alipoleta wazo lake, na acheni tulisifu kabla ya kulilaumu, maana linastahili. Aligundua kwamba mshipa ulioharibika unafanana na mtu anayeuliza swali lilelile kila siku kwa sababu hakuna anayemjibu. Akafuma uzi wa hariri mwembamba kuliko unywele, akaulaza kando ya mshipa wa mgonjwa. Uzi wa pili, pacha wake, akaubandika shingoni kwa mtu mwenye afya aliyekubali kupokea. Uzi ukiwashwa, maumivu ya mmoja huhamia kwa mwingine, yote, bila kupunguzwa hata chembe. Ubongo wa mpokeaji hushtuka, hutafuta jeraha mwili mzima, hulikosa, kisha hutuma jibu: hapa hakuna kitu. Jibu hilo hurudi kupitia uzi uleule mpaka kwa mshipa wa mgonjwa, na mshipa ukilisikia mara kadhaa hujifunza kunyamaza. Mpokeaji huenda nyumbani na uchovu wa kutwa moja. Mgonjwa huenda nyumbani akalala chali. Watu walioletwa kwa machela kwenye kituo kile cha utafiti wa maumivu, juu ya kilima nje ya mji, waliteremka kilima kwa miguu yao huku wakiimba, na walinzi wa getini walizoea kuimba nao.

Lakini nguvu ya kumhamishia mtu maumivu inatisha. Baba anaweza kumsukumia bintiye. Familia inaweza kumshurutisha bibi atoe asichotaka kutoa, au mjukuu apokee asichoweza kupokea. Ndiyo maana Kokusima aliweka lango. Mpokeaji aombe kwa kinywa chake mwenyewe, mtoaji akubali kwa kinywa chake mwenyewe, na likitamkwa neno la kukataa, kila kitu kifungwe hapohapo. Mtoaji akikataa mara tatu, uzi unayeyuka mwilini, ili asitokee ndugu, daktari wala padri wa kumganda mgonjwa mpaka akubali kwa kuchoka. Na mshipa hukubali uzi mara moja tu katika maisha. Nchi kadhaa ziliiga lango hilo neno kwa neno. Kokusima alijivunia kazi hiyo kuliko uzi wenyewe, na alikuwa na haki.

Sasa lango lake lilikuwa limebakiza kataa moja tu kabla ya kumfungia nje Mwalimu Kemilembe. Uzi hukubaliana na damu ya karibu tu, na Mwalimu, katika damu yake yote, alibaki na Novatus.

*

Siku iliyofuata Kokusima alishuka kwenda Kashai, mtaa alikokaa Mwalimu, kuupima uzi. Angeweza kumwita kituoni, lakini aliona haya kumpandisha tena kilima mtu aliyerudishwa mikono mitupu. Alibeba mkoba wa vipimo, mkubwa, wa ngozi, unaokata bega.

Basi lisilo na dereva lilimteremsha njia panda, likamtakia siku njema kwa Kihaya kibovu, likaondoka. Novatus alimwona kwa mbali akaja mbio kupitia migombani, aproni yake ya kazini bado iko kiunoni.

"Karibu, daktari! Nikupokee."

"Acha tu, kaka, si mzito," Kokusima alisema.

Alitembea hatua kadhaa ndipo akasimama. Bega lake lilikuwa jepesi. Mkoba ulikuwa kwa Novatus, amekwisha kutangulia nao, anamwonya ajihadhari na mfereji. Kokusima alitazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa wazi, vidole vimelegea. Hakukumbuka kuuachia mkoba, ila alikumbuka vizuri kabisa kwamba amekataa.

"Mungu wangu," alisema.

"Umeumia?" Novatus aligeuka.

"Hapana. Twende."

Mwalimu alikuwa uani, chini ya kivuli cha ukuta, kwenye kigoda. Kokusima alimwamkia, akaitikiwa marahaba ndefu yenye mapenzi. Kisahani cha kahawa kavu ya kutafuna kililetwa, maana katika nyumba ile hakuna neno zito linaloanza kabla ya mgeni kutafuna. Daktari alitafuna punje, akapima uzi, akaukuta mzima. Kisha akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, jana ulikataa?"

"Nilikataa."

"Ulitaka kukataa?"

Mwalimu alicheka kwa tahadhari, kwa sababu kicheko nacho hutikisa mbavu. "Wewe umezaliwa wapi?"

"Kamachumu, hapo tu."

"Basi unanichosha kwa maswali unayoyajua. Mtoto akikwambia nikupokee, unamtupia mzigo hapohapo kama uliyekuwa unamvizia? Nilimwambia acha. Nikangoja aseme tena. Mashine yako ikanifungia mlango usoni."

Kokusima alihisi uso unawaka moto. Yeye, mtoto wa Kamachumu, aliyekataa na kupokewa mizigo tangu ana akili, alipoketi kuandika sheria ya lango aliandika kama mtu asiyewahi kutembelewa na mgeni. Aliandika kwamba kataa ni kataa. Mabwana wakubwa wa nchi za mbali walimpigia makofi, naye akayaamini makofi.

"Basi dawa ni ndogo," alisema kwa furaha. "Safari ijayo sema tu, chukua, mwanangu. Neno moja."

Mwalimu hakufurahi naye. Alimtazama Novatus, aliyekuwa amerudi kwenye karai lake la kahawa upande wa pili wa ua, na alishusha sauti.

"Nimelijaribu hilo neno jikoni nikiwa peke yangu. Halitoki. Na kwa kuwa umekuja mpaka kwangu, ngoja nikwambie yote. Mara ya kwanza ile ilikuwa adabu. Jana nilipomtazama usoni, nikamwona alivyojiandaa, ametoa kifua kama anakwenda kupigwa, nikaogopa. Hiki kitu nakijua mimi. Nimpe mtoto niliyemzaa? Kwa hiyo niliposema acha, sijui kama ilikuwa adabu au nilikataa kweli. Mimi mwenyewe sijui, daktari."

"Lakini unataka kupona?"

"Nataka mtu anikumbatie," Mwalimu alisema. "Nimechoka kuwasalimia watu kwa mbali." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akamsogezea mgeni kisahani. "Tafuna, tafuna. Hujala kitu."

*

Kesho yake asubuhi Kokusima alifungua mfuniko wa Kipokezi, akakaa akikitazama kifua cha chombo kilichobaki wazi.

Ilikuwa kazi ndogo. Lango lilikuwa kipande kimoja, pembeni, na yeye aliyeliweka ndiye aliyejua jinsi ya kulishikilia wazi kwa kidole wakati mtoaji akisema lolote analosema. Mwalimu angesema "acha", taa ingewaka kijani, maumivu yangehama, jibu lingerudi. Mwalimu angelala chali. Nani angemlaumu daktari? Hata mgonjwa angemshukuru. Kokusima alimwona akikumbatiwa na nusu ya mji, na mkono wake ulisogea.

"Unatengeneza au unaiba?"

Profesa Mtambalike, mwenyekiti wa kamati ya maadili ya kituo, alikuwa mlangoni na karanga zake mkononi. Huyu mzee alipenda karanga na alipenda kufika mahali bila kusikika, na kituo kizima kilimheshimu kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu hapana bila kuketi naye kwanza. Aliketi.

Kokusima alimweleza yote, kuanzia mkoba njia panda mpaka "nataka mtu anikumbatie". Profesa alisikiliza bila kutafuna.

"Kwa hiyo unajua anataka," alisema.

"Najua, Profesa."

"Yeye kakwambia hajui. Wewe umejuaje zaidi yake?"

Kokusima aliangalia kidole chake, karibu na lango.

"Tuseme umejua. Wewe ni mtu mwema, macho yako makali, umekwenda mpaka nyumbani kwake. Ukilifungua kwa kidole chako leo, umetuonyesha kwamba linafunguka kwa kidole. Kesho atakaa hapo daktari mwingine, mbele ya bibi mwingine anayesema acha na anamaanisha acha. Naye atasema, lakini mimi najua, hawa wetu ndivyo wanavyokataa. Ni adabu tu hiyo. Kokusima mwanangu, umewahi kufikiria ni mabinti wangapi waliofanyiwa mambo kwa kisingizio kwamba wanakataa kwa adabu?"

Maneno hayo yalimwingia barabara. Kokusima alirudisha mkono wake mapajani. Aliona aibu, halafu hasira, na hasira ikamshinda. "Basi tumwache aungue? Nikifuata neno lake, namwonea. Nikipita juu ya neno lake, nawaonea wote watakaokuja baada yake. Nifanye nini?"

"Sijui," Profesa alisema, na alionekana kusikitika kweli. "Mimi kazi yangu ni kukuzuia. Ya kufikiri ni yako, na ndiyo maana tunakupenda hapa." Akamwekea karanga mezani, akanyanyuka.

Alikuwa amefika mlangoni Kokusima aliposema, "Mkono."

"Mkono gani?"

"Jana mdomo wangu ulisema acha, si mzito. Mkono ulikuwa umekwisha kuachia." Alisimama, akaanza kutembea huku na huko, akaongea haraka kama afanyavyo wazo linapomshika. "Mdomo una adabu zake, Profesa. Unasema linalopasa kusemwa. Lakini hakuna anayekupokea mzigo kama vidole vyako havijaachia. Ukitaka kweli kukataa, unaushikilia, na mtu mwenye adabu akiona umeushikilia anakuacha. Watu wote wa hapa wanajua hilo bila kufundishwa. Mimi nililiambia lango langu lisikilize mdomo. Ningeliambia lisikilize vidole!"

Profesa alirudi akaketi tena, na safari hii alitafuna. "Na mkono ukilegea kwa uchovu? Ukifunguliwa na mtu kwa nguvu?"

"Nitampa kitu cha kushika, chenye nyuzi zinazoujua mkono wake. Mkono ukilazimishwa misuli hubishana, na lango litafunga. Akiachia, mzigo unakwenda. Akishika tena, unarudi kwake palepale. Wakati wowote, bila kumwomba mtu."

"Na hesabu ya mara tatu?"

Kokusima alisita. Alitamani kuifuta. "Ibaki," alisema mwishowe. "Akiinuka kitini hajaachia, amekataa kweli. Ikitimia ya tatu, uzi uyeyuke."

Profesa Mtambalike alimtazama kwa muda mrefu, na macho yake yalikuwa na fahari isiyofichika. "Kamati itakubali," alisema. "Na ikileta ubishi, nitakaa nayo."

*

Kokusima alikisuka Kipokezi upya ndani ya kikapu cha ukili alichonunua sokoni. Mafundi wa kituo walimcheka, wakamwambia ameshusha sayansi mpaka kwenye ndizi, naye akawaambia ndipo inapotakiwa kufika. Mkono wa kikapu aliupitishia nyuzi za hariri zinazosikia kila kidole. Alikiweka mezani, akawaeleza Mwalimu na mwanawe namna ya kukishika, kisha akasogea ukutani alikosimama Profesa. Hakuwa na la kufanya tena. Kama vidole vya Mwalimu vingekataa, moto ule ungekuwa wake mpaka kaburini.

Mwalimu alishika mkono wa kikapu. Novatus alishika kando yake.

"Mama, nikupokee."

"Acha tu, mwanangu. Bado naweza."

Taa haikuwaka nyekundu. Haikuwaka kijani pia. Vidole vya Mwalimu vilikuwa vimekaza, mifupa imejitokeza.

Novatus alitazama vidole vile. Alikuwa na ruhusa ya kusema tena, akasema tena, polepole. "Nikupokee, Mama."

"Ni mzito," Mwalimu alisema, na hapo adabu ilikuwa imekwisha. Ilikuwa hofu tupu. "Novati, hujui ulivyo. Ni mzito."

"Najua ni mzito. Ungekuwa mwepesi ningekuomba wa nini?"

"Wewe ni mtoto wangu."

"Mama, nina ndevu nyeupe mbili. Jana umezicheka mwenyewe. Toka uugue sijakushika hata bega. Nakuletea chai naiweka mezani, nakimbia kama nimeiba. Nimechoka. Mimi sikuombi kwa ajili yako peke yako."

Kokusima aliuma mdomo.

Mwalimu alimtazama mwanawe kama wanavyotazama walimu, akitafuta kama kuna uongo mahali. Kidole kidogo kililegea. Kikakaza. Kililegea tena, na kingine kikakifuata, na mkono wote ukafunguka, ukabaki hewani.

Taa ya kijani iliwaka.

Novatus hakupiga kelele. Alijikunja ubavuni kana kwamba amemwagiwa maji ya moto, macho yakamtoka, jasho likamlowesha uso mzima, na kwa muda hakuweza hata kuvuta hewa. Lakini mkono wa kikapu hakuuachia. Alipopata pumzi aliinua uso, machozi yakimchuruzika bila yeye kujali.

"Mama," alisema. "Hiki ndicho ulichokuwa nacho ukinisongea ugali?"

"Ndiyo."

"Na kwenye harusi ya mwanafunzi wako Adeodata? Uliposimama ukaimba?"

"Ndiyo, mwanangu."

Novatus alitikisa kichwa, akalia waziwazi, na ndani ya kilio kile mlikuwa na heshima kubwa kiasi kwamba Kokusima alilazimika kuangalia dirishani. Alipogeuka tena, alimwona Mwalimu Kemilembe akifanya jambo dogo. Aliegemea. Mgongo wake uligusa kiti, ukatulia, na yeye akashangaa, akajisukuma tena kidogo ili ahakikishe. Kisha akaivuta kanga yake, akajizungushia kifuani, akaikaza kabisa, akafumba macho. Alionekana kijana.

Jibu lilikuwa linarudi kwenye uzi. Kokusima aliliona kwenye kioo chake, mawimbi madogo yenye utulivu, ubongo wa mkaanga kahawa ukiwaambia mishipa ya mama yake kwamba hapa hakuna jeraha, hapa hakuna jeraha. Daktari alifikiri hajawahi kuona kitu kizuri kama kile, na hakuwa anafikiria uzi.

Mwalimu alifumbua macho. Aliona jasho la mwanawe, akaona mdomo wake uliokauka, na mama ni mama. Alinyoosha mkono, akaweka vidole juu ya mkono wa kikapu, bado hajavikunja.

"Inatosha, Novati. Nirudishie."

Novatus alikuwa anatetemeka mwili mzima. Alimeza mate, akajaribu kukaa wima, akamtabasamia.

"Acha tu, Mama," alisema. "Si mzito."

Mwalimu alimjua mwanawe anapodanganya. Alimtazama kidogo, kisha akaondoa vidole.